Masanduku ya Mjomba: shajara ya kuokoa karatasi za mwalimu wa uhandisi wa nguo, Tabora

Mjomba wangu alifundisha uhandisi wa nguo Dar es Salaam kwa miaka 28. Alipostaafu mwaka 2009 alirudi Tabora na masanduku matatu ya bati yaliyojaa karatasi, yakaingia stoo Isevya, yakakaa. Macho yake sasa yana mtoto wa jicho na hawezi tena kusoma mwandiko wake. Naandika hatua zetu hapa kwa ajili ya yeyote mwenye mzee wa namna hii nyumbani, afuate panapofaa na akwepe tulipokosea. Mimi ni mwalimu wa fizikia sekondari. Nasaidiwa na mjukuu wa Mjomba aliyemaliza kidato cha sita na anasubiri chuo.

8 Juni 2024: Masanduku yamefunguliwa

Sanduku la kwanza lilikuwa chini kabisa, juu ya sakafu ya udongo. Mchwa walipenya kwenye kutu ya pembe wakala kona ya kushoto ya karibu kila faili. La pili lina vumbi tu. La tatu lilikuwa juu ya meza, na karatasi zake ni safi.

Humo mna maelezo ya masomo yaliyopigwa taipu kwenye stensili, nakala za kaboni, madaftari ya maabara, ripoti za wanafunzi, barua, na makala za Mjomba mwenyewe: nyingine zilichapishwa, nyingine zimeishia kwenye rasimu. Nilianza kutoa vitu sanduku la kwanza bila kupiga hata picha moja ya jinsi vilivyolala. Kosa hilo lilinigharimu wiki mbili, nitalieleza mbele.

Matumizi: brashi laini 3,000, masanduku mawili ya plastiki yenye mfuniko 36,000, karatasi na bahasha 14,000.

9 Juni: Kosa la jua

Hili naliandika kwa uchungu. Karatasi za sanduku la kwanza zilikuwa na unyevu wa udongo, nikazianika uani kwenye mkeka, saa nne asubuhi, jua la Juni likiwa kali. Za taipu na za kaboni zilikauka vizuri. Ila katikati yake kulikuwa na faksi kumi na moja za miaka ya tisini, barua za wenzake wa Uingereza na India kuhusu mitihani na vipimo. Karatasi ya faksi ya zamani haina wino. Imepakwa dawa inayogeuka nyeusi ikipata joto, na ndivyo mashine ilivyoandika herufi. Nusu saa juani ilitosha. Kurasa sita ziligeuka kijivu kizito, tano nyeusi kabisa.

Nilikwenda kumwambia. Alinyamaza muda, kisha akasema, "Mwanangu, lete daftari, nikwambie ninachokumbuka." Jioni hiyo alinisomea kutoka kichwani yaliyokuwa ndani ya nne kati ya hizo. Saba hazipo tena.

Ukiwa na karatasi za zamani zenye unyevu, zianike kivulini penye upepo, na kwanza utoe zote zinazong'aa upande mmoja. Hizo zipige picha siku hiyohiyo, zikae gizani na mahali pa baridi.

16 Juni hadi 30 Juni: Mpangilio uliovurugika

Nilizipanga upya karatasi za sanduku la kwanza kwa mada: kusokota huku, kufuma kule, vipimo pale. Niliona nafanya kazi nzuri. Mjomba aliposikia akaniuliza faili la mwaka 1987 liko wapi. Nikamwambia limegawanyika. Akanieleza kwamba kila faili lilikuwa darasa moja: maelezo aliyowapa, makosa waliyofanya maabara, maswali ya mtihani, na marekebisho aliyoandika pembeni kwa kalamu nyekundu ili mwaka unaofuata afundishe vizuri zaidi. Mimi nilikuwa nimetenganisha somo na makosa yaliyolizaa.

Kurudisha mpangilio bila picha kulionekana hakuwezekani, hadi kijana, yule mjukuu, alipoona jambo. Mchwa hawali ukurasa mmoja mmoja, wanatoboa kupita kurasa zote kwa mpigo. Tundu la ukurasa huu linaendelea kwenye ukurasa uliokuwa chini yake, likiwa limesogea kidogo tu. Tukaanza kuoanisha matundu. Pale ambapo mchwa hawakufika tulitumia kutu: pini ya stepla huacha alama kwenye ukurasa wa jirani, na alama mbili zinazokutana zinaonyesha majirani. Tuliweka kurasa juu ya kioo cha dirisha, mwanga ukitokea nyuma, tukazisogeza mpaka matundu yakalingana. Kazi ya siku kumi na nne. Kurasa 312 zimerudi mahali pake, 40 hivi zimebaki kwenye bahasha ya "haijulikani".

Masanduku mawili yaliyobaki tulipiga picha kila tabaka kabla ya kugusa chochote.

7 Julai: Picha

Hatua hii ni fupi. Simu juu ya kiti, karatasi chini juu ya ubao mweusi. Baraza ya kaskazini ilishindikana kwa vivuli, maana miezi hii jua letu linapita upande huo. Tukahamia baraza ya kusini, mwanga ukawa sawa siku nzima. Kila faili linaanza na picha ya karatasi iliyoandikwa namba yake, ili hata majina ya picha yakipotea tujue zinaanzia wapi. Kurasa 1,140 kwa siku tisa. Kadi ya kumbukumbu 25,000, na nakala ya pili iko kwenye kompyuta ya jirani.

21 Julai: Njia yake ya kazi

Kutokana na vyeti, barua na kumbukumbu zake, safari yake ni hii. Alianza mwaka 1971 akiwa fundi mwanafunzi katika kiwanda cha nyuzi Kanda ya Ziwa. Ilikuwa miaka michache baada ya Azimio la Arusha, viwanda vya nguo vikifunguliwa nchini. Urafiki cha Dar es Salaam, kilichojengwa kwa msaada wa China, kilikuwa kimefunguliwa mwaka 1968. Mwaka 1976 alipelekwa Manchester kusoma, na akarudi akiwa na kitu ambacho baadaye alikifundisha kila mwaka: vipimo vya F. T. Peirce.

Peirce alikuwa mwanafizikia wa Shirley Institute, kituo cha utafiti wa pamba kilichokuwa Didsbury, Manchester. Mwaka 1937 alichapisha jiometri ya kitambaa, namna nyuzi za mtande (za urefu wa kitambaa) na za mshindio (za upana) zinavyopinda kupishana, na kila mhandisi wa nguo huipitia. Kabla ya hapo, mwaka 1930, alikuwa ameuliza swali ambalo Mjomba analipenda kuliko yote: mguso wa kitambaa, kile ambacho mfanyabiashara hukipima kwa vidole, je, unaweza kupimwa kwa namba? Njia yake ilikuwa nyepesi ajabu. Sukuma ukanda wa kitambaa nje ya ukingo wa meza mpaka uiname kwa uzito wake wenyewe kufikia pembe maalumu, kisha pima urefu ulioning'inia.

Kuanzia 1981 Mjomba alifundisha. Makala zake zilizochapishwa ni tano. Lakini nimezisoma zote pamoja na mafaili, na naona kazi yake kubwa iko kwenye wino mwekundu.

28 Julai: Kosa la namba 30

Kijana alikuwa anaingiza matokeo ya wanafunzi kwenye jedwali la kompyuta. Tukaona uzi "30" wa mwaka 1984 ni mwembamba na uzi "30" wa mwaka 1996 ni mnene, nguvu zake hazifanani kabisa. Tulidhani wanafunzi walikosea.

Ni vipimo viwili tofauti. Namba ya Kiingereza huhesabu ni mafungu mangapi ya uzi, kila fungu yadi 840, yanafikisha ratili moja. Hivyo namba ikiwa kubwa uzi ni mwembamba. Teksi ni gramu za uzi wenye urefu wa mita 1,000, kwa hiyo namba ikiwa kubwa uzi ni mnene. Ukigawa 590.5 kwa namba ya Kiingereza unapata teksi. Uzi namba 30 ya Kiingereza ni karibu teksi 20, na teksi 30 ni karibu namba 20. Ndiyo maana zilichanganyika kirahisi. Mjomba aliwafundisha wanafunzi zote mbili, kwa sababu vitabu vilihamia teksi na viwanda vya pamba vikabaki na namba ya zamani. Tulirudi kwenye kila jedwali tukaandika kipimo mbele ya namba. Siku tatu.

11 Agosti: Faili la ukakamavu

Sanduku la tatu lilikuwa na faili moja nene kuliko mengine. Ndani mna matokeo ya madarasa matatu waliopima ukakamavu wa nguo za sokoni kwa njia ya Peirce, na rasimu ya makala. Jedwali la mwisho la rasimu lina safu wima tano. Nne zimejaa. Ya tano, "baada ya kufuliwa mara tano", haina hata namba moja.

Nilimuuliza. Alisema mashine ya maabara iliharibika mwaka ule, kipuri hakikupatikana, kisha kazi nyingine zikafuata. Nikamuuliza kama tunaweza kuijaza. Akaomba nimsomee ukurasa unaoeleza kifaa cha kupimia ukakamavu, neno kwa neno, mara mbili.

Kuanzia hapo mradi ulibadilika. Picha 1,140 zilikuwa salama, lakini mimi na kijana hatukuwa tumeelewa hata ukurasa mmoja kama tulivyouelewa huu baada ya kuanza kujenga kifaa chake.

18 Agosti: Kifaa cha kwanza, kimekosewa

Fundi seremala wa Ng'ambo alitengeneza ubao wa mninga, meza bapa yenye mteremko upande mmoja. 30,000. Makosa yalikuwa matatu.

Aliupaka vanishi, ukanda wa kitambaa ukawa unanata badala ya kuteleza. Tulipiga msasa, likaisha.

Tulikuwa tunasoma kwa jicho kutoka pembeni, kila mtu akipata jibu lake. Tuliweka kioo kidogo (4,000) na mistari miwili. Jicho likikaa mahali ambapo mistari inafunikana ndipo unasoma.

Kosa la tatu ndilo kubwa. Fundi alikata mteremko kwa nyuzi 45, kwa sababu guni yake ina nyuzi 45. Kifaa kinataka nyuzi 41.5. Kwenye pembe hiyo hesabu ya Peirce inakuwa rahisi: urefu wa kupinda ni nusu ya urefu unaoning'inia. Nilidhani tofauti ya nyuzi tatu na nusu haina madhara. Kanga mpya ilitoa sentimita 4.8 kwenye mteremko wa fundi. Tulipourekebisha, saa ileile, ukanda uleule, ikatoa 4.6. Ni kama asilimia 4 tu. Lakini ukakamavu unatafutwa kwa kupandisha urefu wa kupinda hadi kipeo cha tatu na kuzidisha kwa uzito wa kitambaa, kwa hiyo kosa dogo linakua karibu mara tatu: 167 likawa 147, kwa miligramu sentimita.

Ukitaka kujenga chako, usitafute pembe kwa guni wala kwa kipimapembe cha shule. Pima sentimita 20 mlalo na sentimita 17.7 wima, unganisha, umepata nyuzi 41.5. Marekebisho 5,000.

25 Agosti: Kukata vipande

Ukanda ni milimita 25 kwa 200. Kila ukanda husomwa mara nne: ncha zote mbili, nyuso zote mbili, kisha unachukua wastani. Uzito tulipata kwa kukata mraba wa sentimita 10 kwa 10 na kuupima kwenye mizani ya sonara inayosoma gramu 0.01 (35,000). Zidisha kwa 100, hizo ni gramu kwa mita ya mraba.

Vitambaa vyetu ni doti ya kanga (14,000), kitenge (12,000), marekani (6,000) na jinzi ya mitumba (5,000). Kanga moja ya doti ilibaki mpya, nyingine ikafuliwa mara tano kwa sabuni ya mche na kuanikwa.

Kanga zilitutesa. Kanda za kanga moja zilitofautiana sana, nikaanza kulaumu kifaa. Mjomba alinyoosha mkono akazipapasa, akauliza, "Hizi mmekata wapi?" Tulikuwa tumekata kuvuka pindo na kuingia mji. Pindo lina rangi nzito iliyolala juu ya kitambaa, nayo inakakamaza. Tukatupa kanda zote za kanga, tukakata upya katikati ya mji, mbali na jina.

8 Septemba: Hewa ya Tabora

Asubuhi kanga mpya ilitoa 4.5, alasiri 4.6, kesho yake asubuhi 4.5 tena. Kipima unyevu (18,000) kilitupa jibu: alfajiri unyevu hewani ulikuwa asilimia 55, saa tisa alasiri 28. Septemba ya Tabora inakausha hadi mbao za milango. Pamba hunywa unyevu kutoka hewani na kuutoa. Ikikauka inakakamaa, ikinywa inalegea. Kwa sababu hiyohiyo vyumba vya kusokota na kufuma pamba hupulizwa ukungu wa maji, maana uzi wa pamba mkavu ni dhaifu na unakatika. Pamba yenye unyevu ina nguvu zaidi.

Maabara za kimataifa hupima kwenye unyevu wa asilimia 65 na joto la nyuzi 20. Mjomba aliwafundisha wanafunzi wake kutumia nyuzi 27, kiwango kinachokubalika nchi za joto. Sisi hatuna chumba cha namna hiyo. Ila fizikia ina njia. Chumvi iliyokolea ndani ya maji, mpaka nyingine ibaki chini bila kuyeyuka, ikifungiwa kwenye chombo hushikilia unyevu wa hewa ya humo karibu asilimia 75, iwe asubuhi au mchana. Si 65, lakini haibadiliki, na Mjomba alikubali mradi tuandike wazi kwenye jedwali.

Tulinunua chumvi ya Uvinza sokoni, 1,000, na ndoo yenye mfuniko wa kubana, 9,000. Mara ya kwanza tuliweka maji mengi, chumvi yote ikayeyuka, kipima unyevu ndani ya ndoo kikapanda kupita 85. Chumvi lazima ionekane, kama uji mzito. Mara ya pili kilisimama kwenye 74 kikakaa.

Mjomba akaongeza jambo ambalo nisingelijua. Vitambaa visiingizwe kwenye ndoo vikiwa vimelowa ili vikauke kufikia kiwango. Viingie vikavu, vinywe kupanda. Pamba inayotoka kwenye maji hubaki na unyevu zaidi kuliko pamba inayotoka kwenye ukavu, hata hewa ikiwa ileile. Kwa hiyo kanga iliyofuliwa tuliianika mpaka ikauka kabisa, ndipo ikaingia. Masaa 24 ndani ya ndoo, kisha kila ukanda unatolewa na kusomwa ndani ya dakika moja.

29 Septemba: Namba

Kanga mpya: inaning'inia sentimita 4.4, gramu 121, ukakamavu 129. Kanga iliyofuliwa mara tano: 3.4, gramu 112, ukakamavu 55. Zile gramu 9 zilizopotea ni wanga wa kiwandani ulioondoka na maji. Kitenge: 3.9, gramu 134, ukakamavu 99. Marekani: 3.7, gramu 148, ukakamavu 94. Jinzi: 6.2, gramu 360, ukakamavu 1,072.

6 Oktoba: Vidole

Nilifika asubuhi. "Shikamoo, Mjomba." "Marahaba. Mwangaluka, mwanangu. Lete vitambaa." Alitaka kuvipanga mwenyewe kabla hatujamsomea namba. Tulimpa vipande vitano bila kumwambia kipi ni kipi, ingawa nadhani alivijua vyote. Alivipitisha kati ya kidole gumba na cha shahada, akavikunja, akaviachia, akavirudia. Akapanga kuanzia kigumu: jinzi, kanga mpya, marekani, kitenge, kanga iliyofuliwa.

Kifaa chetu kilikuwa kimeweka kitenge mbele ya marekani. Nikamwambia. Hakubishana. Aliomba ukanda wa marekani, akaukunja kwa urefu, akaukunja kwa upana, akasema, "Huu mmeukata upande wa mshindio."

Kweli. Vitambaa vingine vyote tulivikata kufuata mtande. Marekani ilikuwa imekatwa dukani, ukingo wake hauonekani tena, nasi tukakisia. Tulichomoa nyuzi pembeni tukahesabu: upande mmoja zimesongamana zaidi, na huo ndio mtande. Tukakata upya, ndoo, masaa 24. Ikatoa 4.3, ukakamavu 147. Sasa tunachora mshale wa penseli kwenye kila kitambaa kikiwa bado kizima.

Kitenge kimekaa mahali pake. Lakini marekani sasa imeipita kanga mpya, 147 kwa 129, na vidole vya Mjomba vilisema kinyume. Alipapasa tena, mara nyingi, akabaki na jibu lake. Anasema vidole havisomi kupinda peke yake, vinasoma na uso, na wanga wa kanga mpya ni mlaini unaoteleza kama karatasi. Ameomba tuandike majibu yote mawili kwenye jedwali, la kifaa na la vidole, na tusiondoe hata moja.

13 Oktoba

Safu ya tano imeandikwa kwenye rasimu, kwa wino mweusi, chini yake tarehe na "unyevu 74". Kwa sasa ina namba ya kanga tu. Kitenge na marekani vinafuliwa wiki hii.

Jumla ya matumizi mpaka leo ni shilingi 217,000. Bahasha ya "haijulikani" bado ina kurasa 38, mbili zimepata majirani zao Jumatano.